Kufunga Nguzo za Zege za Zamani kwa Kitambaa cha Nyuzi za Kaboni ili Zihimili Tetemeko

Chukua nguzo ya milimita 300 kwa 300 katika jengo la ghorofa mbili lililojengwa miaka ya 1970. Ukibandua lipu na kuchimba kidogo kwa tindo, mara nyingi utakuta nondo nne za milimita 16, moja kila pembe, zikiwa zimezungukwa na ringi za milimita 6 zilizoachana kwa milimita 250 hadi 300, na ncha za ringi hizo zimekunjwa kwa pembe mraba tu bila kuingizwa ndani ya kiini cha zege. Kwa mzigo wa kila siku, unaoshuka wima kutoka sakafu za juu, nguzo hiyo haina tatizo, na ndiyo maana imesimama hadi leo. Tatizo lake ni la siku ambayo ardhi itakwenda upande, kwa kuwa hapo nguzo husukumwa huku na huku ikiwa bado imebeba uzito wote wa jengo.

Kinachotokea siku hiyo kinajulikana vizuri, kwa sababu kimeonekana mara nyingi mno, kuanzia San Fernando huko California mwaka 1971 hadi Kobe nchini Japani mwaka 1995 na kusini mwa Uturuki mwaka 2023. Nguzo hupasuka mshazari kama herufi X kwa sababu hakuna ringi za kutosha kuzuia mkato, yaani nguvu ya upande inayotaka kuikata nguzo vipande viwili. Au kava, yaani zege la nje linalofunika nondo, humenyeka, ncha za ringi hufunguka, nondo za wima hupinda kuelekea nje na kiini cha zege hubomoka vipandevipande. Au nondo zilizounganishwa kwa kupishana juu kidogo ya sakafu huteleza na kuachiana. Katika hali zote tatu kinachokosekana ni kitu kimoja, yaani mkanda wa kuibana nguzo pande zote. Kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa epoksi, yaani gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, ndicho mkanda huo, isipokuwa hufungwa kwa nje badala ya ndani.

Kabla ya kwenda mbele ni lazima mipaka ya kazi hii ieleweke. Kitambaa kilichozungushwa mlalo huizuia nguzo isikatike na huipa uwezo wa kuyumba bila kubomoka, lakini hakiongezi kitu cha maana katika nguvu yake ya kupinda, hakiongezi ugumu wa jengo, hakitibu msingi dhaifu, na hakifiki ndani ya maungio ya nguzo na boriti. Kagera ilipotikiswa Septemba 10, 2016 na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na Bukavu nchini Kongo na Rusizi nchini Rwanda zilipopatwa na tetemeko la ukubwa kama huo Februari 3, 2008, sehemu kubwa ya majengo yaliyoharibika yalikuwa ya tofali yasiyo na fremu ya zege kabisa. Kwa nyumba za namna hiyo mwongozo huu haufai kitu. Zinahitaji linta inayozunguka jengo zima na kuta zilizofungwa pamoja. Haya yanayofuata yanahusu majengo ya fremu, yaani shule, zahanati, maduka na ofisi za ghorofa zilizosimama juu ya nguzo za zege katika ukanda wa Bonde la Ufa, na yameandikwa kwa mafundi sanifu na wasimamizi wa ujenzi ambao tayari wana mhandisi miundo wa kupiga hesabu na kusaini michoro.

Kuijua nguzo kwanza

Michoro ya zamani ikipatikana ni bahati, na hata ikipatikana isiaminiwe peke yake. Pitisha kifaa cha kutafuta nondo kwenye nyuso zote za nguzo kuanzia sakafuni hadi chini ya boriti, kisha weka alama za chaki mahali kila ringi ilipo, kwa maana mara nyingi fundi wa zamani alizibana ringi katikati na kuziachanisha sana karibu na sakafu, mahali ambapo zinahitajika zaidi. Fungua zege kwa tindo mahali pawili au patatu ili uone kwa macho kipenyo cha nondo, kama ni laini, za mbavu au zile za mraba zilizosokotwa, na kama zina kutu. Ng'oa vipande vya zege kwa drili ya kukata duara na uvipeleke maabara, kwa kuwa zege lenye nguvu chini ya megapaskali 17 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo) haliaminiki kushika kitambaa kwa gundi, na linahitaji dawa nyingine.

Jambo la kutazamwa kwa makini kuliko yote, hasa katika shule zetu, ni ukuta wa dirisha. Darasa hujengwa na ukuta wa tofali uliobanwa kati ya nguzo mbili hadi usawa wa kizingiti cha dirisha, na juu yake kuna uwazi. Ukuta huo huishikilia nguzo sehemu ya chini, hivyo nguzo yenye urefu wa mita 3 inabaki na mita 1 tu ya kuyumba. Nguvu ya mkato inayoipata nguzo inapofikia kikomo cha kupinda ni jumla ya momenti (nguvu za kupinda) za ncha zake mbili ikigawanywa kwa urefu ulio huru, kwa hiyo urefu ukipungua mara tatu mkato huongezeka mara tatu, na nguzo ambayo ingepinda na kusalimika hukatika kama muwa kwenye usawa wa dirisha. Hapa dawa ya kwanza si kitambaa. Dawa ni kuutenga ukuta na nguzo kwa kukata mwanya wa milimita 25 hadi 50 kutoka juu hadi chini, kuujaza kwa kitu laini kama spanji ya ujenzi, na kuufunga ukuta kwa vyuma vya pembe ili usiangukie watoto. Kitambaa hufuata baadaye, na kwa kweli bila kukata mwanya huo kisingeweza kuizunguka nguzo hata ungetaka.

Mhandisi akishapata taarifa hizi ndipo anaamua. Uamuzi wa haki wakati mwingine utakuwa kuachana na kaboni. Kama zege ni dhaifu, kama nguzo imezidiwa hata na uzito wa kawaida, au kama jengo zima linayumba kupita kiasi, koti jipya la zege la milimita 100 lenye nondo na ringi zake litafanya kazi bora, tena kwa vifaa vinavyopatikana dukani na mafundi wanaovifahamu. Kaboni ina nafasi yake pale ambapo nguzo haina kosa jingine ila uchache wa ringi, ambapo unene hauwezi kuongezwa, au ambapo jengo haliwezi kufungwa kwa majuma mengi.

Hesabu ya kupata picha

Mhandisi atatumia mwongozo wa taasisi ya zege ya Marekani (ACI) uitwao ACI 440.2R au Sehemu ya 3 ya Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya majengo na matetemeko, lakini msimamizi wa kazi anapaswa kuelewa ukubwa wa namba anazozijenga. Katika nguzo yetu, ringi za milimita 6 za chuma laini chenye nguvu ya megapaskali 250, zikiachana kwa milimita 300, huchangia takriban kilonewtoni 12 tu dhidi ya mkato, yaani kama uzito wa tani moja na robo. Sasa zungusha tabaka moja la kitambaa cha kaboni cha gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyuzi zake zina unene wa jumla wa milimita 0.167, karibu sawa na karatasi mbili za daftari, na ugumu wa takriban gigapaskali 230. Kanuni haziruhusu kuutumia uwezo wake wote; hupunguza mvutiko, yaani kiasi cha kurefuka kwake, hadi sehemu 4 kwa 1,000, kwa sababu zege likipasuka zaidi ya hapo hupoteza mshikamano wake. Hata kwa kikomo hicho, tabaka moja huleta karibu kilonewtoni 80 kabla ya vipunguzi vya usalama, zaidi ya mara sita ya ringi zote zilizomo.

Kwa kubana kiini cha zege habari ni tofauti kidogo, na hapa umbo la nguzo lina neno. Nguzo ya duara hubanwa sawasawa pande zote, kwa sababu kitambaa huvutika kama pete ya pipa. Nguzo ya mraba hubanwa hasa kwenye pembe, huku katikati ya uso kitambaa kikiwa kimenyooka na hakisukumi kitu, na kadiri nguzo inavyozidi kuwa bapa ndivyo faida inavyopungua. Upande mmoja ukizidi mwingine zaidi ya mara mbili, au upande wowote ukizidi milimita 900, mwongozo wa ACI haukubali kuhesabu faida ya kubana. Vivyo hivyo kwa maungio ya nondo ya chini. Kwenye nguzo ya duara kitambaa huzibana nondo zinazopishana zisiteleze, ila kwenye nguzo ya mstatili yenye nondo katikati ya uso msaada huo ni mdogo, na msimamizi asikubali mtu amwambie vinginevyo bila hesabu.

Kuutayarisha uso

Kazi halisi iko hapa, na ndipo palipo na majaribu ya kupunguza. Lipu yote iondolewe hadi zege lenyewe lionekane, kwa sababu kitambaa kilichobandikwa juu ya lipu kinashika lipu, na lipu ikibanduka kimeondoka nayo. Rangi, chokaa, mafuta na moshi wa jikoni viondolewe pia. Nguzo zote zisifunguliwe kwa wakati mmoja, na penye shaka weka vyuma vya kuegemeza chini ya boriti kabla hujagonga.

Kutu ishughulikiwe kabla ya jambo lolote. Kitambaa hakizuii kutu iliyokwisha kuanza, bali huificha, na nondo inayooza ndani huvimba na kulisukuma kitambaa hadi zege lipasuke nyuma yake bila mtu kuona. Zege lililolegea lichimbwe hadi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe kwa mswaki wa waya hadi king'ae, kipakwe kinga, kisha shimo lizibwe kwa mota ya ukarabati, si kwa saruji na mchanga wa kawaida. Kwenye majengo ya pwani, ambako zege la zamani huwa na chumvi iliyotoka kwenye mchanga au kokoto za matumbawe, pima chumvi kwanza. Nyufa zenye upana wa milimita 0.3 au zaidi zidungwe epoksi nyembamba kwa shinikizo.

Halafu kuna pembe. Nyuzi za kaboni ni imara ajabu zikivutwa kwa urefu wake na dhaifu kabisa zikikunjwa kwenye ncha kali, kwa hiyo pembe ya nguzo isiyoviringwa hukikata kitambaa kama uzi kwenye makali ya kisu. Kiwango cha chini kabisa ni nusu kipenyo cha milimita 13, lakini mimi hupendekeza 25, na njia nyepesi ya kukagua ni hii: kata kipande cha bomba la plastiki la milimita 50, kipasue kwa urefu upate robo yake, na ukiweke juu ya pembe iliyosagwa kwa grenda. Kikilala bila kuyumba na bila mwanga kupenya katikati, pembe imekubali. Kikicheza, rudi na grenda. Mafundi huogopa kwamba kusaga hivyo kutafichua nondo, lakini kuviringa kwa milimita 25 hula milimita 10 hivi tu ya zege kwenye ncha ya pembe. Hofu hiyo ni ya kweli pale tu ambapo biskuti, yaani vipande vya kuiachanisha nondo na mbao za fomu, zilihama wakati wa kumwaga zege na kava ikabaki nyembamba, na kwa sababu hiyo kifaa cha kutafuta nondo kisiondoke kiunzini. Kaboni isiguse chuma kamwe, kwa maana viwili hivyo vikikutana penye unyevu chuma huliwa haraka; penye nondo iliyo karibu na uso tanguliza tabaka la nyuzi za kioo.

Baada ya kusaga, uso wote usuguliwe hadi changarawe ndogo zianze kuonekana, vumbi litolewe kwa kompresa au kifyonza, na mashimo yajazwe kwa puti ya epoksi hadi rula ndefu ilale bila kuacha mabonde. Jioni ya siku hiyo bandika kipande cha nailoni kwenye nguzo na ukizibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Asubuhi, ukikuta matone upande wa ndani, zege bado lina maji na kazi inasubiri. Katika miji ya kando ya ziwa kama Bukoba, ambako umande wa asubuhi ni wa kawaida, kazi ianze uso ukiwa na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, na mara nyingi hiyo ina maana ya kuanza baada ya jua kupanda.

Siku ya kufunga

Vitambaa vikatwe vyote kabla epoksi haijafunguliwa. Mzingo wa nguzo yetu baada ya kuviringa pembe ni karibu milimita 1,157, hivyo kwa tabaka mbili mfululizo na mpishano wa milimita 200 kila kipande kitakuwa na urefu wa mita 2.51. Kitambaa cha upana wa milimita 500 kitahitaji mikanda sita kwa nguzo ya mita 3, wa mwisho ukipunguzwa, kwani juu na chini huachwa pengo la milimita 20 hadi 50 ili nguzo inapopinda kitambaa kisisukumwe na boriti au sakafu. Kata juu ya meza safi kwa mkasi mkali, viringa kila kipande kwenye kipande cha bomba, wala usikikunje, kwa sababu mkunjo huvunja nyuzi. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, basi zima swichi za karibu na ufunike soketi.

Epoksi ina sehemu mbili, na uwiano wake hupimwa kwa mizani ya kidijitali na si kwa kukadiria kwa kopo. Changanya kwa drili ya mwendo wa polepole hadi rangi iwe moja bila michirizi, ukikwangua pembeni na chini ya ndoo. Changanya kiasi kitakachotumika ndani ya nusu saa tu, kisha kimimine kwenye trei pana, kwa sababu epoksi iliyorundikwa ndani ya ndoo hujichemsha yenyewe. Inaanza kuwa vuguvugu mkononi, dakika chache baadaye inatoa moshi, na kilichobaki ni jiwe lenye mpini wa drili ndani yake. Thina isiongezwe kwa hali yoyote. Wafanyakazi wavae glavu na miwani, kwa kuwa ngozi ikishaizoea vibaya epoksi huwashwa kila inapoigusa maisha yote.

Paka praima kwa rola, isubiri ikamate, kisha paka mkono wa kwanza wa epoksi. Watu wawili wakishike kipande, mmoja akiongoza ncha na mwingine akifungua bomba taratibu, nyuzi zikiwa mlalo kabisa. Chora mistari ya mlalo kwenye nguzo mapema, kwani kupinda kwa pembe ya digrii 5, ambako kwenye uso wa milimita 300 ni kushuka kwa takriban milimita 26 tu, tayari ni kosa la kumwita mhandisi. Kikishashika, pitisha rola ya mifereji kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, kutoka katikati kwenda pembeni, ukisukuma hewa itoke hadi epoksi ichomoze juu ya kitambaa kama jasho. Usipitishe rola kukingama nyuzi. Mpishano uangukie kwenye uso ulionyooka, usiwe kwenye pembe, na mipishano ya mikanda inayofuatana ihamishwe uso mmoja baada ya mwingine. Juu ya tabaka la mwisho paka mkono wa kufunika, na kabla haujakauka nyunyiza mchanga mkavu safi ili lipu ya baadaye ipate pa kushika.

Kukagua na kukinga

Nguzo isiguswe na mvua kwa saa 24, na kwa kawaida epoksi hukomaa ndani ya siku kama 7, ikichelewa zaidi penye baridi. Siku ya pili gonga uso wote kwa sarafu au nyundo ndogo ya plastiki, sentimita kwa sentimita. Palipo sawa mlio ni mfupi na mzito. Palipo na hewa mlio hubadilika na kuwa wa uwazi, kama kugonga debe, na sikio la fundi hulizoea tofauti hiyo kwa dakika chache. Vifuko vidogo vya chini ya milimita za mraba 1,300 huvumilika iwapo havizidi kumi kwa mita ya mraba wala asilimia 5 ya eneo lote. Vikubwa kuliko hivyo hudungwa epoksi, na vinavyozidi milimita za mraba 16,000 hukatwa na kubandikwa upya. Jaribio la kuvuta lifanyike kwenye kipande cha ziada kilichobandikwa pembeni siku ileile na watu walewale. Kiachie kwa zaidi ya megapaskali 1.4, na kinapoachia kitoke na zege, si gundi peke yake.

Moto ni udhaifu ambao hauna maficho. Epoksi inayokaukia kwenye joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 82 za Selsiasi, joto ambalo moto wa chumba hulifikia mara moja. Kwa hiyo mhandisi athibitishe kwamba nguzo inaweza kubeba uzito wa kawaida wa jengo hata kitambaa kikiwa kimeungua chote. Jua nalo hula epoksi polepole, basi nguzo za barazani zipigwe lipu au rangi ya kuzuia mionzi.

Kinachobaki ni kuwazuia watu. Mwaka mmoja baadaye atakuja fundi umeme mwenye drili, au mwalimu anayetafuta pa kupigilia ubao wa matangazo, na nguzo iliyopigwa lipu haitamwambia kwamba nyuma yake kuna mikanda ambayo tundu moja la parafujo hukata nyuzi zake. Andika kwenye kila nguzo, kwa rangi isiyofutika na kwa Kiswahili cha wazi, kwamba haitobolewi wala kupigiliwa misumari, na uache kwa mkuu wa shule au msimamizi wa jengo nakala ya mchoro unaoonyesha nguzo zipi zilifungwa, tabaka ngapi, na siku gani.